UZI: Mikono kwenye picha za wakubwa si alama za Illuminati, hebu tuisome vizuri

Rangi_za_Ngara

Wasee habari zenu. Kuna hii klipu imezunguka kwa magrupu ya WhatsApp karibu wiki nzima, ile jamaa anapitisha picha za zamani moja baada ya nyingine, Napoleon ameingiza mkono ndani ya nguo, Mhispania fulani amebana vidole viwili, alafu muziki wa kutisha unapigwa huko nyuma na jamaa anamalizia eti hizo zote ni alama za Illuminati na Freemason. Nimetumiwa na watu wa kanisa, nimetumiwa na mafundi wenzangu, hadi binamu yangu wa kidato cha tatu ameniuliza kama ni ukweli. Mimi kazi yangu ni kuchora sura za watu, na kwa picha yoyote ya mtu naangalia mikono hata kabla ya macho, kwa hivyo hii siwezi kuipita kimya. Itakuwa ndefu, kaa chini.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio tusizungushane. Hawa wachoraji hawakuwa wanaficha kitu kwa mikono. Picha ilikuwa inatundikwa sebuleni ama ikulu ndio kila mgeni aione, na mkono uliwekwa pale kumwambia huyo mgeni mwenye picha ni mtu wa aina gani, ana cheo gani, ameapa nini, ana uchungu gani. Wageni wa wakati huo walisoma bila shida. Sisi tumekuja miaka mia mbili, mia tano baadaye, adabu zao hatuzijui, ndio tunadhani tumeona siri.

Tuchukue huyo Napoleon. Ile picha maarufu ilichorwa na Jacques-Louis David 1812, saa hii iko Washington. Amesimama kwa ofisi yake, mkono wa kulia umeingia ndani ya kizibao. Kuna wenye husema alikuwa anaumwa na tumbo, na kuna hao wa Freemason. Sasa sikia. Miaka 75 kabla ya hiyo picha, 1737, mwalimu wa densi na adabu kwa jina François Nivelon alitoa kitabu kule Uingereza cha kufundisha watu wa heshima vile wanafaa kusimama, kutembea na kusalimia, na huo mkono wa kizibaoni umo humo, ameeleza kwamba unaonyesha ujasiri uliotiwa unyenyekevu. Waingereza wa karne ya 18 wakachorwa hivyo wengi mpaka ikawa kama sare. Na wao walitoa kwa Wagiriki wa kale, juu kulikuwa na msemaji wa Athens anaitwa Aeschines, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliyekuwa anawasifu viongozi wa zamani kwa vile walihutubia mkono ukiwa ndani ya vazi, kuurusharusha nje aliona ni kukosa adabu.

Na David hakuishia kwa mkono. Ivute hiyo picha karibu uone: saa iliyo nyuma yake inaonyesha saa kumi na dakika 13, mshumaa unakaribia kuisha, kwa meza kuna karatasi ya sheria za raia, upanga umewekwa kitini. Yaani unaambiwa huyu mtu amekesha usiku kucha akiwaandikia raia sheria, na bado ametulia, hana papara. Huo utulivu ndio mkono unabeba. Kweli kaka yake Joseph aliongoza Freemason wa Ufaransa, hiyo sikatai na wala haikuwa siri, lakini hilo pozi la mkono lilikuwa la kila bwana mwenye pesa ya kuchorwa, awe wa chama ama asiwe.

Kijana_wa_Umoja

Buda Napoleon umemweleza sawa lakini umeruka ile ya vidole. Yule mzee wa ndevu na nguo nyeusi, vidole viwili vya ndani vimegandana kabisa. Mtu hawezi kaa hivyo kawaida, nimejaribu saa hii mkono unaniuma. Hiyo nayo ni adabu?

Rangi_za_Ngara

Swali poa sana hilo. Huyo ni wa El Greco, picha ya karibu 1580, iko makumbusho ya Prado kule Madrid. Karibu picha yote ni giza, nguo nyeusi na nyuma kweusi, alafu vitu vichache tu ndio vinawaka, uso na lesi ya shingoni, mkono wa kulia uliolala kifuani, na chini mpini wa upanga wa dhahabu. Mchoraji akizima taa zote akaacha hizo chache ujue ndio stori yake iko hapo. Mkono kifuani pamoja na upanga, wengi wanasoma kiapo, mtu wa ukoo anaapa kwa heshima yake. Wengine wanasoma toba, kwa sababu Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alikuwa amewafundisha watu wake kwamba ukianguka kwa dhambi weka mkono kifuani usikitike. Mimi naegemea upande wa kiapo, upanga uko karibu sana na huo mkono kuwa wa mapambo tu, lakini mtu akiniletea hoja ya toba nitamsikiza.

Sasa vidole. Kidole cha kati na cha pete kubanwa pamoja utakipata kwa picha nyingi sana za karne ya 16 huko Italia na Uhispania, kwa Bikira Maria, kwa watakatifu, kwa mabibi wa matajiri. Ilikuwa njia ya kufanya mkono uonekane mrefu na laini, mkono wa mtu ambaye halimi. Kuna wamesema ni alama ya Wayahudi waliokuwa wanajificha, wengine wakasema Wajesuiti. Lakini siri gani hiyo inachorwa kwa kuta za kanisa kila mahali na kila mchoraji, na hao Wayahudi walikuwa wanatafutwa wauawe?

Na mkono unakuuma juu unaulazimisha. Laza kiganja kifuani, legeza, alafu peleka kidole cha shahada upande mmoja na cha mwisho upande mwingine. Hivyo viwili vitabaki pamoja vyenyewe.

Kijana_wa_Umoja

Enyewe imeingia. Sawa endelea.

Mwana_Kibokoni

Assalam aleikum nyote. Mie ni wa Mombasa ila nakaa South C. Kaka Rangi nimesoma yote na nataka kuongezea mawili.

La kwanza, kwetu mkono kifuani ni salamu. Mwanamume akimuamkia mwanamke asiyekuwa maharimu yake hampi mkono, auweka kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Sasa mie huyo Mhispania nilipomuona tu nilidhani aniamkia. Wallahi sikuona kiapo wala toba.

La pili ni harusi zetu. Bibi harusi akishapakwa hina na piko, picha itakayowekwa kwa status ni ya mikono tu, sura haionyeshwi watu baki. Na sisi wa nyumbani twamjua ni nani, kwa pete zake, kwa maua aliyochagua, hata kwa mkono wa aliyempaka. Wengine huweka mkono wa bwana chini na wa bibi juu, wengine wa bibi peke yake juu ya leso. Je hiyo si picha ya mtu?

Rangi_za_Ngara

Waaleikum salaam dada yangu. Hiyo ni picha ya mtu kabisa na inatimiza kila kitu, inaonyesha ni nani, ni wa watu gani, na ameingia hatua gani ya maisha. Na hiyo ya salamu imenifurahisha juu inaonyesha vile mtu wa Mombasa na mtu wa Toledo kule Uhispania wanaweza kuangalia mkono mmoja kila mmoja akasikia neno lake. Ndio maana swali la kwanza lazima liwe huu mkono ulichorewa nani auone.

Sasa umenikumbusha kitu. Nairobi tuko na picha kubwa ya mtu isiyo na uso. Nenda Central Park, pale kando ya Uhuru Park, mnara wa Nyayo uliojengwa 1988 kusherehekea miaka kumi ya Moi. Mkono unatoka kwa kilele cha Mlima Kenya umeshika rungu. Mkono tu. Na hakuna Mkenya aliyekuwa hai wakati ule anahitaji kuambiwa ni wa nani, juu ile fimbo haikuwahi kumtoka mkononi, vile Mzee Kenyatta hakuachana na mgwisho. Kiongozi akichagua kitu kimoja cha kushika miaka yote, mchoraji amepunguziwa kazi nusu.

Alafu kuna Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau. Huyu nataka tukae naye kidogo. Picha yake iliyosambazwa na wakoloni 1956 baada ya kumkamata, amelala, ana jeraha, mikono iko kwa pingu. Ilitolewa ndio kila mtu aone mambo yameisha. Sasa panda pale Kimathi Street uangalie sanamu iliyofunuliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Rasta ziko, vazi la vita liko, mkono wa kulia bunduki, wa kushoto kisu. Kama hujawahi kuona hiyo picha ya 1956 utadhani ni sanamu ya shujaa kama zingine, lakini ukiweka hizo mbili pamoja unaona kazi ya sanamu ilikuwa kufungua ile mikono. Pingu zimetoka, silaha zimerudi. Watu wanapita hapo kila siku wakikimbilia stage na sijui wangapi wamewahi kusimama dakika moja wakaangalia vidole vimeshikaje ile bunduki.

Mzee_wa_Jericho

Vijana mnaongea mambo ya maana leo. Msisahau vidole vya siasa. Wakati wa chama kimoja, kidole kimoja juu kilikuwa cha KANU, mkutanoni watu wote waliinua. Watu walipoanza kudai vyama vingi 1990, vidole viwili ikawa ndio alama. Nyinyi mnaona ni kitu kidogo. Wakati wa Saba Saba, yale maandamano ya Julai 1990, ukitoa vidole viwili kwa dirisha la matatu na askari akuone ungeweza kulala ndani. Tulikuwa tunatoka Industrial Area jioni kwa miguu tunaonyeshana pale chini kwa paja, hatuinui, na mwenzako anajua. Na vidole hivyo hivyo Churchill alikuwa anavionyesha wakati wa vita vya Hitler kumaanisha ushindi, na wajukuu wangu leo wanapigia picha na hawajui lolote kati ya hayo mawili.

Rangi_za_Ngara

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuonyesha chini kwa paja ni ya kuandikwa mahali. Na ndio hivyo, kama mtu angechora hao wafanyakazi wa Industrial Area 1990 na vidole viwili kwa paja, mtu wa 2090 angehitaji mtu kama wewe amweleze, la sivyo ataanza kuongea mambo ya Illuminati.

Wacha nirudi kwa ishara ambayo mimi naipenda kuliko zote. Kushika tama. Kila mtu hapa amekaripiwa utotoni, toa mkono kwa shavu, kwani umefiwa? Sasa huo mkono wa shavuni umetembea dunia mzima. 1514 Dürer kule Ujerumani alichora mwanamke mwenye mabawa, amekaa chini na vyombo vya kazi vimemzunguka, msumeno, randa, bikari, mizani, na hafanyi kitu, kichwa kimeegemea mkono. Mwenyewe ameandika ndani ya picha kwamba hiyo ni melankolia. Ni mtu wa akili nyingi imemlemea. Kwa zile karne hiyo ndio ilikuwa alama ya huzuni ya wasomi, mtu akichorwa ameshika tama unajua ni mshairi ama mtu wa vitabu.

Miaka 376 baadaye, Juni 1890, Van Gogh anamchora daktari wake, Gachet, pale Auvers. Kichwa kimelala juu ya ngumi ya mkono, mwili wote umeinama upande mmoja, kofia nyeupe, koti la buluu. Mbele yake kuna mmea wa dawa ya moyo kwa glasi, ndio ujue ni daktari. Kinachoniua mimi ni hii: daktari ndiye ameshika tama. Yule mtu wa kutibu ndiye mgonjwa. Na huyo Gachet kwa kweli aliandika utafiti wake wa udaktari kuhusu hiyo melankolia, 1858. Van Gogh alikufa mwezi uliofuata. Hiyo picha iliuzwa New York 1990 kwa dola milioni 82.5 na wakati huo hakukuwa na mchoro umewahi kupigwa mnada bei hiyo. Mimi nikiangalia hiyo picha sioni kitu cha kutafsiri. Mama yoyote wa Kawangware akiiona atauliza, huyu amepatwa na nini.

Lakini usibebe hiyo maana kila mahali. Amy Sherald alimchora Michelle Obama 2018, kidevu kimegusa mkono, na hakuna mtu atasema amefiwa. Angalia tofauti. Gachet uzito wote umeangukia mkono, shavu limekunjika. Michelle mkono umegusa tu, shingo imejibeba yenyewe. Ni mkono wa mtu anakusikiza na atakupima. Na ile picha ya mume wake, iliyochorwa na Kehinde Wiley mwaka huo huo, amekaa kitini ameinama mbele, mikono imepishana juu ya magoti, kama mtu ako kwa mazungumzo na wewe. Kwa yale majani ya nyuma kuna maua ya buluu yaliyowekwa kwa ajili ya Kenya, kwa baba yake, hiyo mjue.

Kijana_wa_Umoja

Na mikono kiunoni? Naona wafalme wengi wa kizungu wako hivyo.

Rangi_za_Ngara

Hapo adabu zetu na zao zinagongana kabisa. Huku ukisimama mbele ya mzee mikono kiunoni wewe umelelewa vibaya, na mama akishika kiuno kwa ploti jua kumechafuka. Kule Ulaya karne ya 16 na 17 kiwiko kilichotokeza kilikuwa cha mwanajeshi na mtu mwenye amri. Holbein alimchora Henry wa Nane 1537 kwa ukuta wa jumba la Whitehall, miguu imetanuka, viwiko nje, mkono mmoja umeshika glavu na mwingine uko karibu na jambia. Ukuta wenyewe uliungua 1698, tumebaki na nakala, na hata nakala zinakufanya urudi nyuma hatua moja. Alafu Frans Hals wa Uholanzi 1624 akamchora kijana wa miaka 26 na kiwiko kimekuja mbele mpaka karibu kitoke kwa fremu, koti limedariziwa maua na mishale na nyuki. Huyo kiwiko chake kinasema niko na mali, niko na afya, na ukiwa na neno sema.

Ndio maana nasema huwezi kubeba kamusi moja ya ishara uzungushe dunia nayo. Kuna ile picha ya Van Eyck ya 1434, Arnolfini na mke wake, iko London. Bwana amemshika mke mkono na mkono wake wa kushoto, ule wa kulia ameuinua. Mtu wa hapa akiiona tu atasema huyu bwana hana heshima, mkono wa kushoto! Na mke ameweka mkono kwa tumbo, kila mtu anasema ni mjamzito, kumbe ameshikilia kitambaa cha gauni, hayo magauni yalikuwa na kitambaa kingi sana na kulikusanya mbele ndio ilikuwa fasheni, hata mabikira watakatifu walichorwa hivyo. Ule mkono ulioinuliwa, mwanahistoria wa sanaa Panofsky alisema 1934 ni kiapo cha ndoa na picha yenyewe ni kama cheti, wengine wakaja wakasema ni uchumba tu, wengine wanasema mke alikuwa ameshafariki na picha ni ya kumkumbuka. Mimi ninachopenda ni kile kioo kidogo cha nyuma, ukivuta utaona watu wawili wanaingia mlangoni. Inawezekana jamaa anasalimia wageni tu! Wataalamu wamepiga hiyo picha kwa miale wakapata Van Eyck mwenyewe aliubadilisha huo mkono alipokuwa anachora. Yaani hata kwake haikuwa kitu cha kubandika tu.

Fundi_wa_Nganya

Msee mimi huchora matatu na hii uzi imenishika. Kitu naulizwa sana ni ile mikono miwili ya kuomba, kiganja kwa kiganja. Kila mwenye gari anataka hiyo nyuma, wengine wanaongeza rozari. Nimechora mara nyingi hadi naweza fanya macho yamefungwa na sijawahi jua imetoka wapi. Na nikwambie ukweli wa kazi, mteja akitaka msanii amepigwa picha mzima na vidole vyote vinaonekana, bei inapanda. Uso naweza maliza haraka, mikono inanikalisha.

Rangi_za_Ngara

Fundi wangu! Hiyo mikono ina mwenyewe. Ni ya Dürer yule yule, 1508, ameichora kwa brashi juu ya karatasi ya buluu, ndogo tu, karibu sentimita 29 kwa 20, iko Vienna. Haikuwa picha yenyewe, ilikuwa mazoezi. Tajiri mmoja wa Frankfurt, Jakob Heller, alikuwa amemwagiza picha kubwa ya madhabahu na hiyo mikono ni ya mtume mmoja kwa hiyo picha. Ile kubwa ikateketea kwa moto 1729. Mazoezi ndio yamebaki, na leo yako nyuma ya gari la Rongai. Ukichora tena, angalia asili yake kwa simu uone kitu: vidole havijanyooka sawa, kuna kimoja kimepinda, mishipa ya nyuma ya mkono imetokeza, mkono wa nguo umekunjwa. Ni mikono ya mtu mzima wa kazi. Kwa magari mengi tunaiona imelainishwa kama ya plastiki na inapoteza nguvu yote.

Alafu hata hilo pozi si la tangu zamani. Wakristo wa kwanza waliomba mikono ikiwa juu imefunguka, ziko hivyo kwa kuta za makaburi ya chini kule Roma. Kiganja kwa kiganja kilikuja baadaye Ulaya, na wanahistoria wengi wanakihusisha na vile mtumishi alikuwa anaenda kwa bwana wake, anapiga magoti, anaweka mikono yake imeunganishwa ndani ya mikono ya bwana kumaanisha mimi ni wako. Ukijua hivyo unaiona tofauti kabisa.

Na kuhusu bei uko sawa na uko na wenzako. London mwanzo wa karne ya 18, Godfrey Kneller alichora wanachama zaidi ya 40 wa Kit-Cat Club, klabu ya wanasiasa na waandishi, na akatumia turubai ya inchi 36 kwa 28, kubwa kuliko ile ya kichwa na mabega, ndio apate nafasi ya mkono. Hicho kipimo mpaka leo kinaitwa kit-cat. Na Van Dyck, yule alikuwa anachora wakuu wa mfalme Charles wa Kwanza, mwandishi Mfaransa Roger de Piles ameandika kwamba alikuwa na watu wa kulipwa, wake kwa waume, wa kuja kukalia mikono tu. Mwenye picha alikaa saa moja akaenda zake, mikono ikachorwa kwa mtu mwingine. Kwa hivyo ile mikono myembamba mizuri ya mabwana wa Van Dyck, mingine si yao!

Kama ungeniuliza mkono gani nitatembelea kabla ya yote nikipata nauli, ni wa Rembrandt, somo la daktari Tulp, 1632, uko The Hague. Rembrandt alikuwa na miaka 25. Madaktari wamezunguka maiti ya mwizi aliyenyongwa, mkono wake umefunguliwa, Tulp ameshika misuli na koleo kwa mkono wa kulia anaivuta juu. Watu wengi wanaangalia damu. Angalia mkono wake wa kushoto! Ameuinua na vidole vimekunjika, anaonyesha ile misuli aliyoshika inafanya kazi gani mtu akiwa hai. Mkono mmoja umeshika kamba na mwingine unaonyesha kamba ikivutwa inakuwa nini. Hiyo si ishara ya kukariri kwa kitabu, ni mwalimu anafundisha, na ndio sura yake halisi kuliko hata ule uso.

Wambo_Kariobangi

Nimesoma hii uzi yote nikiwa kwa foleni ya benki na sasa niko na swali la ukweli. Tunataka kuchorewa shosho wetu, alifariki mwaka jana. Picha iko moja tu nzuri, ile ya kitambulisho, kichwa na mabega. Mchoraji tuliongea naye akasema atamweka mikono imekunjwa mapajani, ndio watu wengi hufanya. Mimi sijaridhika na sijui nimwambie nini.

Rangi_za_Ngara

Pole sana kwa shosho dada. Na uko sawa kutoridhika. Mikono mapajani haina makosa lakini inaweza kuwa ya mtu yeyote. Waulize mama zako na shangazi, shosho akikaa jioni mikono ilikuwa inafanya nini? Alikuwa wa kuomba, wa kuongea na mikono, wa kushika mkono wa mtu akiongea naye?

Wambo_Kariobangi

Kiondo. Hakuwahi kukaa bila kiondo. Hata akiongea na wageni alikuwa anasokota uzi juu ya paja bila kuangalia. Na kidole chake cha shahada cha kulia kilikuwa kimepinda, alivunjika akiwa mdogo.

Rangi_za_Ngara

Basi picha yako iko hapo. Mwambie mchoraji shosho awe anasokota uzi na macho yamekuangalia wewe, juu ndivyo alivyokuwa. Kile kidole kipinde, asikinyooshe hata akiambiwa na nani. Na kwa sababu hamna picha ya mikono, fanya kama Van Dyck, tafuta mtu. Kuna mtu kwenu ana mikono kama ya shosho?

Wambo_Kariobangi

Auntie mkubwa. Watu husema hivyo kila siku, na pia yeye anasuka.

Rangi_za_Ngara

Poa. Mkalishe auntie kando ya dirisha asubuhi, mwanga utoke upande mmoja, usitumie flashi. Mpe uzi kabisa na kiondo ambacho hakijaisha, asiigize, asuke kweli, na umwongeleshe ndio asahau kamera. Piga picha nyingi, kamera iwe kimo cha kifua chake, ndio zilingane na ile ya kitambulisho. Angalia kitambulisho kwanza uone mwanga umetoka upande gani, na umkalishe auntie hivyo hivyo, la sivyo uso na mikono vitakuwa vya vyumba viwili tofauti. Mpelekee mchoraji zote achague, na mkubaliane bei ya mikono kabla hajaanza, juu hiyo ni kazi ya kando na anastahili kulipwa.